Shajara ya mradi: historia ya wavuvi wa visiwa vya Jibondo, Juani na Chole, Mafia

Januari, kaskazi

Tumeamua kuanzia Jibondo, na Jibondo kwenyewe tuanze na mafundi wa vyombo. Anayekuja Mafia kuulizia historia huelekezwa kwanza Kua, kwenye magofu ya kisiwa cha Juani, akaone kuta za jumba, misikiti na makaburi yaliyomezwa na miti. Ni haki yake kwenda. Kua ulikuwa mji mkubwa karne ya 18, mpaka Wasakalava wa Madagaska walipouvamia kwa mitumbwi mwanzoni mwa karne ya 19, wakaua, wakachoma na kuchukua watu utumwani. Lakini Kua ina mlinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863. Jahazi lililoundwa Jibondo miaka ya 1960 halimo. Jina la mwamba halimo. Alama za nchi kavu anazozitazama nahodha ili ajue yuko juu ya mwamba gani hazimo, na wanaozijua wanaondoka mmoja mmoja.

Ndiyo kazi yenyewe: kurekodi historia iliyo katika shughuli za watu wa bahari, wakiwa kwenye shughuli hizo, na kuiacha mikononi mwao.

Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Udongo ni haba na maji matamu ni ya shida, kwa hiyo wenyeji wamezoea kuvuka kwenda Juani kulima na kutafuta maji kwingine kwa vyombo. Kisiwa kama hicho hakiishi bila fundi. Pale pwani kuna chombo kimesimamishwa, mkuku (uti wa chini wa chombo) umelala juu ya magogo na mataruma (mbavu zake) yameshapigwa upande mmoja. Fundi mkuu hana mchoro wa karatasi. Anapima kwa kamba yenye mafundo na kwa shubiri yake, anarudi nyuma hatua chache, anafumba jicho moja, kisha anamwambia kijana aondoe kidogo kwa tezo. Kijana akimaliza, fundi anapitisha kiganja pale palipochongwa, juu mpaka chini. Mara nyingine anatikisa kichwa bila kusema neno, na kijana anajua aondoe tena.

Tulimwomba ruhusa ya kuweka kinasa sauti kwenye ubao karibu naye. Alituuliza maswali mengi kabla ya kukubali: sauti itakwenda wapi, nani ataisikia, na akifa nani ataamua. Tumeyaandika maswali yake yote na kuyafanya masharti ya mradi. Kila atakayerekodiwa atayajibiwa kabla kitufe hakijabonyezwa.

Ukimwambia fundi, “Tuhadithie ya zamani,” atakupa maneno mawili matatu ya heshima na kunyamaza. Muulize, “Fundi, kabla ya hiki uliunda kipi?” Atakijibu, atakutajia na cha kabla yake, na cha mwalimu wake, na chombo ambacho mwalimu wake alikianza akafa hajakimaliza. Kwa hiyo tumechora jedwali la vyombo: jina la chombo, aina yake, fundi, mwenye chombo, nahodha wa kwanza, mbao zilitoka wapi, kilibeba nini, kiliishaje. Safu ya mwisho ndiyo inayofungua vinywa. Chombo kimoja kilivunjika mwambani, kingine kiliuzwa Unguja, kingine kilioza pwani kwa sababu ndugu waligombania urithi. Ndani ya safu hiyo mna biashara ya boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, biashara ya nazi na mbata, ndoa, ugomvi na misiba ya kisiwa kizima.

Februari

Bahari ni tulivu na maji ni maangavu. Huu ndio mwezi wa kutoka na manahodha.

Majina ya baharini tuliyoanza nayo yanajulikana hata na wageni wanaokuja kuzamia: Kitutia kule kusini, Mange, kisha Utumbi na Milimani ndani ya ghuba ya Chole, Dindini, na mlango wa Kinasi ambako maji ya ghuba yote hutoka na kuingia kwa nguvu. Hayo yamo kwenye ramani. Yaliyo kati yake hayamo. Kutoka pwani ya Jibondo mpaka Kitutia nahodha aliyetuchukua alitaja majina mfululizo: fungu, mwamba, kijito cha chini ya maji, mahali pa kutia nanga upepo ukibadilika, mahali ambapo hutii nanga kabisa. Kwa kila jina alinyoosha mkono kwenye nchi kavu. Mti ule ukiingia nyuma ya ncha ile, na ukigeuka upande wa pili ukaona pengo la mikoko limefunguka, basi uko juu yake.

Tulimwomba asimame kila mahali ili tupige picha za pande zote mbili za alama. Alikubali, akawa ananirekebisha nilivyosimama: chini kidogo, maana yeye alama anazitazama akiwa ameketi kwenye usukani.

Vijana wengi sasa wana GPS kwenye simu, na hakuna ubaya. Wanarudi nyumbani salama. Ila simu inakumbuka namba, haikumbuki kwamba mwamba fulani umepewa jina la mtu aliyeupata akitafuta ndugu yake aliyepotea. Na alama zenyewe zinaondoka: mbuyu ukianguka au mnazi ukikatwa, pahala pamepoteza ushahidi wake. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia tarehe 4 Mei 2024 kiliangusha miti, na wazee wanasema baadhi ilikuwa alama. Tumeanza orodha ya alama zilizokufa, tukiandika nani alizitumia na kwa mwamba upi.

Mwezi huu pia limepitishwa jambo kubwa katika kikao cha kijiji. Ramani kamili ya majina haitatoka nje ya visiwa. Wavuvi wamesema wazi kwamba penye samaki pakijulikana, watakuja wenye vyombo vikubwa na nyavu kubwa. Wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo kuna ramani mbili: moja ya majina na hadithi zake bila vipimo, itakayotumika shuleni, na nyingine ya vipimo, itakayobaki kwa kamati. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, ina ramani zake za kanda za uvuvi. Hizi zetu hazishindani nazo. Zinaeleza watu waliita nini kabla ya kanda kuwapo.

Machi, Ramadhani

Hakuna safari za mbali. Mchana tunaandika manukuu, baada ya tarawehe tunawasomea wenyewe waliyosema ili wakubali au wakatae.

Tunaandika kama mtu alivyotamka. Hatunyooshi lahaja yake iwe Kiswahili cha vitabuni. Msimulizi akisema neno la Mafia linabaki hilo hilo, na maelezo yanawekwa pembeni. Kijana anayenukuu alisomea Dar es Salaam, na mwanzoni mkono wake ulikuwa unasahihisha wenyewe. Sasa anasikiliza mara mbili, kisha anampigia simu bibi yake kuuliza.

Kazi ngumu zaidi ni tarehe. Mvuvi wa miaka themanini hakuhesabu maisha yake kwa kalenda ya ukutani. Alihesabu kwa mwaka wa Kiswahili unaoanza Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na zile tano za mwisho. Ukimsikia mzee anasema jambo lilitokea mwongo wa mia, amekupa wakati sahihi kabisa wa pepo na wa samaki, ila mwaka wenyewe unabaki kutafutwa. Hapo tunatumia vigingi: kabla au baada ya uhuru wa 1961? Fedha ilikuwa ya Afrika Mashariki, au tayari shilingi ya Tanzania iliyotoka 1966? Kabla ya Operesheni Vijiji? Wakati wa vita vya Kagera? Matumbawe yalikuwa hai, au yalikwisha kuwa meupe, maana yake ni baada ya joto kali la 1998? Kigingi hiki cha mwisho ndicho wavuvi wanachokikumbuka kuliko vyote. Kila mmoja anajua alikuwa wapi alipoona mwamba mzima umepauka.

Tunaandika vyote viwili: alivyosema yeye, na mwaka tunaoukadiria. Hatufuti cha kwanza kwa sababu tumepata cha pili.

Aprili na Mei, masika

Mvua. Vyombo vimepandishwa pwani. Tumepata nafasi ya kushughulikia karatasi.

Nyumba kadhaa za Chole na Juani zina sanduku. Ndani mna hati za mashamba, barua, na madaftari ya wenye vyombo. Chole ilikuwa makao ya utawala wa Mafia yote, kwanza chini ya Zanzibar, kisha chini ya Wajerumani baada ya 1890, mpaka ofisi zilipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Kwa hiyo sanduku moja linaweza kuwa na karatasi za serikali tatu.

Tuliyoiona kwa karibu zaidi ni daftari la mwenye jahazi, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa kahawia. Upande wa kulia majina ya mabaharia, upande wa kushoto alichochukua kila mmoja kabla ya safari: mchele, kitambaa, fedha. Safari ikirudi, mstari unapigwa juu ya deni. Kuna jina moja ambalo halikupigwa mstari. Mwenye nyumba, mjukuu wa mwandishi, alijua kwa nini, na akatueleza taratibu. Huyo baharia hakurudi, na babu yake alikataa kumdai mjane. Tumerekodi maelezo hayo na kuyaunganisha na picha ya ukurasa. Hesabu peke yake isingelisema.

Hatuchukui karatasi ya mtu. Tunapiga picha palepale, kwenye baraza, mwanga wa asubuhi ukiingia kwa ubavu, karatasi juu ya kitambaa safi, bila gundi wala mkanda wa plastiki. Kisha inarudi sandukuni ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha pamba, na sanduku linainuliwa juu ya mawe ili mchwa wasifike. Kwa sauti tunatumia faili za WAV, maana tukizibana kupunguza ukubwa, sauti iliyopotea hairudi. Nakala ni tatu: moja kwenye diski iliyopo shuleni, moja Kilindoni, moja Dar es Salaam. Hidaya imetufundisha sote kwamba visiwa hivi vinaweza kupigwa siku moja vyote, kwa hiyo nakala zote kukaa Mafia si hifadhi.

Juni, kusi

Tumevuka Juani siku upepo ulipopunguza kasi, kukusanya hadithi ya Kua na Kisimani.

Inajulikana visiwa vyote, na kila mahali inasimuliwa kwa namna yake. Kwa ufupi: watu wa Kisimani, mji wa upande wa magharibi wa Mafia, waliunda jahazi, na siku ya kulishua, yaani kulishusha majini, wakawakamata watoto wa Kua, wakawafunga na kuwalaza mchangani, chombo kikashuliwa juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakusema kitu. Miaka ikapita, wakawaalika wa Kisimani kwenye arusi, wakawaingiza katika chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mpaka akabaki mzee mmoja wa kuwazungumza wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe, naye akiwa ndani. Wapo wanaosema baadaye bahari yenyewe ikalipiza, maana mji wa Kisimani umeliwa na mawimbi, na alichokifukua mwanaakiolojia Neville Chittick ni mabaki tu.

Hatutafuti toleo la kweli. Tunaandika nani anasimulia, kwa ukoo gani, na anasimulia wakati gani. Jibondo hadithi hii huja chombo kinapokaribia kushuliwa. Juani huja watu wakipita magofuni. Aliyetusimulia vizuri kuliko wote ni mama mmoja mwenye shamba karibu na Kua, na hakuanza na watoto wala jahazi. Alianza na yule mzee aliyebaki chumbani, akatueleza ukoo wake na kwa nini alijitolea. Huko kwingine mzee huyo hana hata jina.

Juani pia tumekutana na suala ambalo tulijua litakuja. Mashamba ya minazi ya Mafia yalilimwa na watumwa, na kizazi chao kipo, wameishi na kuvua pamoja na wengine kwa miaka zaidi ya mia. Mtu anaweza kukueleza, kwa sauti ya chini, nani alitoka wapi. Historia bila utumwa ni uongo, na mimi sitakubali mradi huu uuruke. Lakini kutaja ukoo upi ni wa watu walionunuliwa, na nani aliwanunua, wakati wajukuu wanakaa nyumba za kupakana na wanaoana, ni kuwarudishia watu jeraha ambalo hawakuliomba. Tumekubaliana hivi: mambo yenyewe yanaandikwa yote, jinsi kazi ilivyokuwa mashambani, nani aliruhusiwa kumiliki chombo na nani hakuruhusiwa, uhuru ulipofika watu walikwenda wapi. Majina ya koo yanawekwa katika fungu lililofungwa, na ufunguo wake anao msimulizi mwenyewe au mrithi aliyemtaja. Mzee mmoja baada ya kusikia hayo alisema, “Basi rudini kesho, mwanangu, leo nimechoka.” Kesho yake alizungumza mpaka adhuhuri.

Julai

Bamvua, maji yanatoka mbali. Tumeingia miambani na wanawake wa pweza.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Ukiisoma historia ya uvuvi ya pwani hii utamkuta mwanamume, nahodha na jahazi. Mwanamke yumo sokoni au hayumo. Kule Jibondo maji yakitoka, mwamba ni wa wanawake. Wanatembea juu ya matumbawe wakiwa na fimbo ya chuma na mfuko begani, macho chini. Bibi aliyetuongoza alisimama mbele ya tundu ambalo mimi niliona ni tundu kama mengine. Alionyesha maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni na mawe madogo yaliyopangwa: mwenye nyumba amekula na amejifungia. Akachokoa mara moja, akangoja, akachokoa tena kwa pembeni, na mkono wa pweza ukatoka kujizungusha kwenye chuma.

Wakati akimpiga pweza mwambani ili alainike, alitutajia wanawake waliomfundisha, mama, shangazi, na jirani wa shangazi, na kila mmoja na sehemu yake ya mwamba. Kumbe kuna majina ya miamba ambayo manahodha hawayajui kabisa, kwa kuwa ni sehemu za kutembea, si za kupitisha chombo. Ramani ya Februari ilikuwa imeacha ukanda wote huo mweupe. Sasa imejaa.

Alitueleza pia juu ya mwani na fedha yake ya kwanza, na ilivyobadilisha nani anaamua nini nyumbani. Mazungumzo hayo yanahitaji sura yake peke yake. Nimewaomba wasichana wawili wa sekondari wayaendeleze wao, maana mbele yao bibi husema mambo ambayo mbele yangu huyazunguka.

Agosti

Tulikwenda Nyororo kuzungumza na wavuvi walio dago, yaani kwenye kambi ya muda ya uvuvi. Kisiwa hicho kidogo kiko kwenye historia ya vita: Novemba 1914 Waingereza walirushia ndege pale, ndege ya kutua majini, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha mitoni Rufiji, nayo ikaangamizwa Julai 1915. Vitabu vinavyoeleza kisa hicho vinazungumza na marubani na makapteni. Sisi tumewauliza wa dago habari za dago: nani alikuja na nani, wa Kojani, Pemba, walipiga kambi upande gani na wa Jibondo upande gani, chakula kiligawanywaje, mtu akiumwa alipelekwa vipi, nyimbo gani ziliimbwa wakati wa kuvuta nyavu. Wimbo mmoja wa kuvuta tumeupata kwa Wapemba na kwa Wajibondo, maneno tofauti, mapigo yaleyale. Tumewaomba waimbe wakiwa wanavuta kweli. Wakikaa kitako wanausahau katikati.

Chombo kile cha Januari kimekwisha kalafatiwa (nyufa zimezibwa), kimepakwa sifa, mafuta ya papa, ndani na deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, nje, na kinangoja mwenyewe apate fedha ya tanga. Kimeshaingia kwenye jedwali la vyombo, na safu ya mwisho imeachwa wazi.

Yaliyobaki kabla ya upepo wa matlai: kumaliza manukuu ya Juani, kuchapa ramani ya majina kwa ajili ya shule ya Jibondo, na kuwapata mabaharia wa zamani waliohamia Dar es Salaam na Unguja. Tunawatafuta hasa waliosafiri na majahazi ya boriti kutoka Rufiji kabla ya mwaka 1970, na yeyote mwenye picha ya chombo kilichoundwa Jibondo, hata kama imepauka, hata kama hajui jina la chombo. Picha itapigwa nakala na kurudishwa siku hiyohiyo. Jina la chombo tutamuuliza fundi.